Namba yangu ya mbolea ya ruzuku imeshatumika na mtu. Orodha ya waliochukua si haki yetu kuiona?

BI MCHUNGWA (Muheza)

Habari za jioni wana jamvi. Naomba mawazo yenu, na mkiweza msinicheke.

Mimi mkulima wa kawaida huku Muheza. Kijiji sikitaji, maana mtendaji wetu ana shemeji humu ndani asiyelala. Nina michungwa niliyorithi kwa baba, mwaka huu imezaa majani matupu, na heka tatu za mahindi kule bondeni. Wakati wa kujiandikisha kwa mbolea ya ruzuku, hii inayolipiwa sehemu na serikali, nilijiandikisha kama wenzangu: kitambulisho cha taifa, namba ya simu, ukubwa wa shamba. Ikaja meseji yenye namba yangu ya mkulima. Nikaiandika kwa mkaa nyuma ya mlango wa jikoni, kwa kuwa simu yangu wajukuu wanaichezea na kila kitu humo hufutika. Mkaa haufutiki, labda mlango uungue.

Jumamosi mahindi yalikuwa yamefika magotini, mvua inanyesha vizuri, nikasema leo ndiyo siku ya kwenda kuchukua mbolea ya kukuzia. Bodaboda elfu tatu mpaka mjini. Kijana wa duka la pembejeo akaingiza namba, akaitazama simu yake, akanitazama mimi. "Mama, mbona wewe umeshachukua? Mifuko mitatu, mwezi wa pili."

Mwezi wa pili mimi sikuwapo Muheza kabisa. Nilikuwa Tanga mjini, Ngamiani, namuuguza dada yangu wiki tano nzima. Na hata ningekuwapo, mifuko mitatu ya kilo hamsini si kitu mtu anachukua halafu anasahau. Kijana wa watu hakuwa na neno baya, akaniambia kama nataka anaweza kuniuzia kwa bei isiyo na ruzuku. Nimerudi na kilo kumi za kupimiwa, ndipo hela ilipoishia.

Jumatatu nikaenda kwa mtendaji. Kanisikiliza vizuri, kanipa na kiti. Akasema mtandao haukosei, labda kuna mwanangu alichukua kwa niaba yangu. Wanangu mmoja yuko Dar, mwingine hana habari na jembe. Nikamwomba basi nione orodha ya kijiji kizima, nani kachukua mifuko mingapi na lini. Hapo akacheka. "Mama, hizo ni taarifa binafsi za watu. Siku hizi kuna sheria."

Ndiyo swali langu. Kuna sheria kweli? Mchango wa msikiti unasomwa jina na shilingi. Mchango wa harusi unatumwa kwenye grupu la WhatsApp kila asubuhi, nani katoa elfu ishirini, nani bado ana ahadi, na aibu tunaiona wote. Mbolea iliyolipiwa na serikali ndiyo iwe siri?

KIJANA WA MAKORORA

Pole sana mama. Tulizoea kusikia mkulima hewa, sasa wewe ni mkulima mzima ila mbolea yako ndiyo hewa.

Utani kando, rudi kwa yule kijana wa duka umwombe akutajie duka gani limetoa hiyo mifuko. Kama si lake, hana sababu ya kukuficha.

MSAIDIZI WA KISHERIA (Korogwe)

Bi Mchungwa, mtendaji wako kachanganya mambo mawili, kwa kujua au kwa kutojua.

La kwanza ni kumbukumbu yako wewe mwenyewe. Sheria anayoisema ipo, ni Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika Mei 2023. Lakini hiyo ni ngao yako wewe, si pazia lake yeye. Mtu ana haki ya kujua taarifa zake zinazoshikiliwa na ofisi yoyote na kutaka zirekebishwe zikiwa na makosa. Kwa hiyo mstari wako, yaani siku, duka na idadi ya mifuko, huo hakuna wa kukunyima.

La pili ni orodha ya wenzako. Hapo unaingia kwenye Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016. Unaandika ombi kwa ofisi inayoshika taarifa, nao wana siku 30 za kukujibu. Wanaweza kukataa baadhi ya mambo kwa sababu ya faragha ya mtu, ndiyo, ila namba ya simu ya mtu si sawa na idadi ya mifuko aliyopewa kwa fedha za umma. Omba jina, kitongoji, mifuko. Usiombe namba za vitambulisho, utakuwa umewapa kisingizio.

Na kabla ya hayo yote kuna mkutano mkuu wa kijiji. Unatakiwa kukaa kila miezi mitatu, na kila mkazi aliyefikisha miaka 18 ni mjumbe. Uliza pale.

KARANI WA ZAMANI

Bi Mchungwa, nimesoma habari yako nikiwa nimekaa kibarazani, nikamwita mke wangu naye aisome. Akasema, "Mjibu, wewe haya ndiyo yaliyokunyima usingizi."

Mimi nilikuwa katibu wa kamati ya vocha ya kijiji, wilaya ya Korogwe, miaka ile ya vocha za pembejeo zilizoanza 2008. Vijana hawazikumbuki. Zilikuwa karatasi hasa, unaishika mkononi: moja ya mbolea ya kupandia, moja ya kukuzia, moja ya mbegu. Serikali inalipa kama nusu, mkulima anaongeza nusu yake. Ilikuwa ya heka moja tu. Kamati tulikuwa sita, wanawake watatu na wanaume watatu, na masharti tulisomewa: apewe mkulima mdogo asiyezidi hekta moja, kaya zinazoongozwa na wanawake zitangulie, na awe mtu anayeweza kuongeza hiyo nusu.

Hilo sharti la mwisho ndilo lililotumaliza. Mjane wa watu tumempa vocha, kaya yake inastahili kabisa, lakini nusu ya bei ya mfuko hana. Atafanyaje? Anakuja wakala na pikipiki, anamwambia mama, weka sahihi hapa, chukua elfu tano yako, vocha niachie. Mama ananunua unga na mafuta ya taa. Wakala anapeleka vocha benki, analipwa kana kwamba kauza mbolea. Mkaguzi akija anakuta nini? Anakuta sahihi, na sahihi ni ya kweli! Jina la kweli, mtu wa kweli, kaya inayostahili. Karatasi imenyooka mwanzo mpaka mwisho, mahindi tu ndiyo yamebaki njano.

Kwa hiyo mnaposema orodha, orodha, mimi nawaambia orodha tulikuwa nayo. Niliiandika kwa mkono wangu, nikaibandika ubaoni ofisi ya kijiji kwa uji wa muhogo, mbuzi wakaja wakala nusu yake. Waliobaki ubaoni hakuna aliyewasoma. Nani anasimama juani kusoma majina tisini?

Msimu wa pili mwenyekiti wetu, Mungu amrehemu, akasema majina yasomwe mkutanoni, na si majina tu: jina, kapewa nini, kachukua kwa nani. Mimi ndiye niliyesoma. Nikafika jina la kumi na kitu, nikasoma kwa sauti ya karani, "kapewa vocha tatu, amechukua." Watu kimya. Nikasoma tena nikidhani hawakusikia. Mzee mmoja nyuma akasema, "Karani, huyo si tulimzika wote? Na wewe ulishika sepetu."

Nilikuwa nimeshika kweli. Jina nililinakili kutoka daftari la wakazi la zamani, sikufikiri, nilikuwa nataka nimalize niende nyumbani. Lakini vocha zake mtu alizichukua na mtu alitia sahihi. Tulimpata. Simtaji, alirudisha thamani yake na akahama kitongoji. Na mimi niliomba radhi mbele ya mkutano, mbele ya wakwe zangu, na jambo hilo mpaka leo watoto wa pale wananiita kwalo.

Baada ya hapo ndipo yakatoka na ya mawakala. Kwa sababu kijijini, Bi Mchungwa, mfuko wa kilo hamsini haujifichi. Unapita njiani juu ya baiskeli, au kwenye bodaboda, au kichwani kwa mtu, na mchana kweupe. Nikisoma "fulani mifuko miwili", jirani yake anajua kama mifuko ile ilipita au haikupita. Mkaguzi wa kutoka mjini hajui hilo hata akikaa mwezi.

Sasa hii ya leo. Ruzuku iliporudi, ile aliyoizindua Rais Samia pale Mbeya Nane Nane ya 2022 baada ya bei ya mbolea ya urea kupanda ikavuka laki, mimi nilifurahi. Namba ya mkulima, mfuko wenye alama yake, wakala anaingiza papo hapo. Ule mchezo wa kununua sahihi kwa elfu tano umekuwa mgumu. Nisiwe mzee wa kulaumu kila kipya. Ila orodha imetoka ubaoni imeingia kwenye simu, na simu ni ya watu wawili watatu. Zamani mwizi alimhofia mzee wa nyuma ya mkutano. Leo anamhofia nani?

Nenda kadai isomwe. Usikubali kuambiwa "njoo uangalie ofisini". Isomwe.

WAKALA ALIYECHOKA

Naomba na sisi tusikilizwe, maana kila uzi wa mbolea mwizi ni wakala. Mimi nina duka, sitaji wapi. Kuna wakulima wanakuja na namba kumi za kijiji kizima, "nimetumwa na wenzangu, nauli ni ghali." Nikikataa natukanwa, nikikubali kesho anakuja Bi Mchungwa. Nifanyeje? Na fedha ya ruzuku hailipwi siku ninayouza, nasubiri, na mwenye mzigo ananidai.

Halafu hili la kusoma majina hadharani, tafakarini kidogo. Mtu anasomwa kachukua mifuko minane, jioni wana kikoba wako mlangoni wanadai marejesho. Mwingine ana kesi ya shamba na ndugu zake, akisomwa heka nne tayari umemchokonolea mgogoro. Na hapa kwetu Tanga tusidanganyane, jina lako likisomwa na mifuko mingi kuna wengine watafagia uwanja asubuhi wakiwa na wasiwasi wa wanachokikuta.

KIJANA WA MAKORORA

Wakala umeniua na hiyo ya kufagia uwanja 😂 Lakini mwenye namba kumi mwambie alete barua ya wenye namba.

MWANA WA LUSHOTO (nasoma Iowa)

Shikamoo Bi Mchungwa, shikamoo Mzee Karani.

Niko huku Marekani, jimbo la mahindi kuliko yote, na nimepanga kwa mzee mmoja mkulima wa mahindi na soya. Siku moja nimekaa naye nikamwonyesha ukurasa mmoja wa shirika lisilo la serikali liitwalo Environmental Working Group. Tangu 2001 wanaweka hadharani malipo ya ruzuku ya kilimo, jina la aliyelipwa, eneo lake na dola zake mwaka kwa mwaka. Walizipata takwimu kwa kuiomba wizara ya kilimo kwa sheria yao ya kupata taarifa, kama hiyo ya 2016 aliyoitaja Msaidizi. Nikadhani mzee atakasirika. Akacheka, akavaa miwani, akaanza kutafuta jina la jirani yake.

Ilipofunguliwa mara ya kwanza watu walikuta majina ya ajabu. Scottie Pippen, yule mcheza kikapu, alikuwamo. Mwaka 2006 gazeti la Washington Post likaeleza kwamba tangu 2000 kiasi cha dola bilioni 1.3 kilikwenda kwa watu wasiolima kabisa, wakiwamo wenye nyumba za kuishi Texas zilizojengwa palipokuwa mashamba ya mpunga. Na hilo halikuwa wizi! Sheria ndiyo ilivyokuwa imeandikwa wakati ule, ililipa kwa ardhi iliyowahi kulimwa.

Lakini Wakala naye ana hoja, na huku pia walibishana hivyo hivyo. Sheria ya kilimo ya 2008 ilifunga taarifa nyingi za mashamba, yaani mipaka, nini kimelimwa wapi, ila malipo yakabaki wazi. Bima ya mazao ambayo serikali inachangia mabilioni, hiyo majina hayatolewi. Na Ulaya mwaka 2010 kesi ya wakulima wa Ujerumani ilifika mahakama ya Umoja wa Ulaya, wakashinda: kumwanika kila mtu bila kutofautisha mkubwa na mdogo ni kuingilia maisha yake. Umoja ukakaa, ukarekebisha, ukarudisha orodha, ila anayepata chini ya euro 1,250 jina lake halitajwi.

Nikajiuliza kwa kipimo hicho kijiji chetu kizima kingefichwa. Kwa Wazungu, mkulima mdogo anafichwa kwa sababu kiasi ni kidogo. Kwetu mdogo ndiye anayeibiwa, akifichwa jina amefichiwa mwizi wake.

BI MCHUNGWA (Muheza)

Nimerudi, zimepita wiki tatu. Ahsanteni wote, na Mzee Karani, nimeusoma ujumbe wako kwa sauti mbele ya wajukuu, wamecheka habari ya sepetu mpaka wamekaa chini. Utusamehe.

Mstari wangu nimeupata, mtendaji hakubisha nilipomtajia kwamba hiyo sheria ya 2022 ni yangu mimi. Mifuko mitatu imetoka duka ambalo sijawahi kukanyaga, lipo upande wa barabara kuu. Mwenye duka anasema alikuja kijana na namba kadhaa. Kijana gani, hakumbuki.

Mkutano mkuu ukakaa Jumatano. Mara ya kwanza simu ya mtendaji ikawa haina chaji. Mjumbe mmoja akamletea betri ya kuchajia, ndipo ikasomwa. Tulikubaliana jina na mifuko tu. Heka hazikutajwa, simu hazikutajwa, Wakala nimekusikia.

Waliosimama kusema "mimi sikuchukua" tulikuwa sita, na wanne kati yetu ni wanawake tunaoishi bila mume. Sijui jambo hilo nilitafsiri vipi, nawaachia nyie. Kuna mama mmoja alisomwa mifuko minne, akasema hata kujiandikisha hakujiandikisha.

Halafu likaja ambalo sikulitaka. Mjomba wangu, ndugu wa mama yangu kabisa, aliyenisimamia ndoa. Kasomwa mifuko tisa. Shamba lake nalijua, nimelipalilia nikiwa msichana, halifiki heka mbili. Watu wakanigeukia mimi, maana ndiye niliyedai isomwe. Sikusema kitu. Yeye akasema kachukulia na wanawe, lakini wanawe wako Zanzibar miaka yote. Tangu siku hiyo tumepishana mara mbili njia ya mtoni, hajanijibu shikamoo.

Muhtasari umeandikwa, majina sita yamepelekwa wilayani. Mbolea hatujapata, na mahindi yangu kule chini yamekuwa njano, zile kilo kumi zilitosha mistari ya juu tu. Dada amepata nafuu, alhamdulillahi.

Nimeandika na lile ombi la 2016, nimelipeleka mwenyewe wilayani, nataka orodha ya kata nzima. Mzee Karani, zile siku 30 nahesabu tangu lini, tangu nilipoandika au walipopokea?

KARANI WA ZAMANI

Walipopokea, mwanangu. Wakugongee muhuri wa tarehe kwenye nakala, nakala ibaki kwako. Kama hawakukugongea, rudi kesho kabla hawajafunga.

Na kwa mjomba wako nenda Ijumaa, baada ya swala, usiende na mtu. Nami yule wa vocha za marehemu ilinichukua mwaka mzima kupeana naye mkono, na hakuwa hata ndugu.